Mashine Ndogo ya Sikio

Watu wote wa kazi yake walimwita Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa miaka thelathini iliyopita, siku aliposimamisha mchezo mzima wa redio, waigizaji saba wameshashika karatasi zao, kwa sababu kuna saa ya mkononi iliyokuwa inatembea ndani ya mkoba wa mtu. Walicheka, wakapekuana, wakaikuta. Tangu siku ile, ukitaka tangazo lako litoke safi, filamu yako isiwe na mngurumo, hotuba ya bosi wako ipunguzwe vikohozi, uliambiwa nenda kwa Sikio. Jina likamkaa, naye akalikalia.

Sasa Sikio alikuwa hasikii. Tuseme ukweli mapema, tusizungushane. Hakuwa kiziwi kabisa. Lori likipita alilisikia, mlango ukibamizwa alishtuka, na sauti nzito za wanaume alizipata vizuri tu. Kilichoondoka ni sauti nyembamba: ndege, kifuniko cha sufuria, mlio wa simu, na zile herufi zinazopita katikati ya meno. Hata akiitwa, jina lake lilimfikia limekatwa kichwa. Maneno yalikuja na mapengo, naye akayaziba kwa kukisia, kama mtu anayeziba nyufa za ukuta, na mara nyingi alikisia sawa. Mke wake hakujua. Hakuna aliyejua, na Sikio alikuwa ameapa kwamba hakuna atakayejua, maana mtu anayeitwa Sikio akishatamka kwamba hasikii, amebaki nani?

Alifanyia kazi nyumbani, katika chumba kidogo kilichopakana na sebule. Humo kulikuwa na kiti kimoja, spika mbili kubwa juu ya stendi, magodoro ya zamani yaliyopigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, na mashine. Mashine ilikuwa kompyuta ya kusimama sakafuni, nyeusi, inafika gotini, nzito kiasi cha kuhitaji watu wawili. Ilikuwa na feni nne na diski sita, na ilitoa joto la kukausha soksi. Mke wake, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati na hata nyumbani aliitwa Mwalimu, aliiita mke mwenza. "Mke mwenza ameamkaje?" angeuliza asubuhi. "Leo umelala kwake au kwangu?" Sikio alifanya kazi bila viatu, unyayo wa kulia umeegemea ubavu wa ile mashine, na kwa mtetemo wake alijua kama imetulia, kama imelemewa, kama imekwama. Siku hizi aliijua kwa unyayo tu.

Kazi zilikuwa zimekauka. Hakuna aliyegombana naye. Wateja walimpigia wakasema tutakupigia, na hawakupiga. Mmoja tu ndiye aliyejaribu kumwambia kitu, mwanamke mmoja mtengenezaji wa matangazo ambaye alijifunzia kazi kwake, na ambaye kwa kuigiza kwake sauti za watu wanane katika tangazo moja walimbandika jina la Kasuku. Alimwambia, "Bosi, zile sauti za juu siku hizi unaziachia sana. Zinachoma masikio." Sikio akamjibu kwamba ndiyo mtindo mpya. Mwezi uliofuata Kasuku akazipeleka kazi zake kwingine.

Basi adhuhuri moja, Mwalimu akiwa anajiandaa kusafiri kwenda kusahihisha mitihani kwa wiki mbili, Sikio alisimama mlangoni pa jikoni. Mkewe alikuwa amempa mgongo, anaosha vyombo, maji yanamwagika.

"Mwalimu," akasema, "unaonaje hii mashine niiondoe? Ninunue kompyuta ndogo tu, ya mezani. Chumba kipumue."

Aliuliza akitaka akataliwe. Alitaka kusikia, wewe mwanamume una kichaa, utafanya kazi na nini? Mwalimu hakugeuka. Alisuuza sahani, akaiweka kwenye kichanja, akajibu.

"Ni lazima uiondoe," Sikio alimsikia akisema, na kitu kingine kuhusu nafasi.

"Haya," akajibu.

Hapo ndipo ganzi ilipomwingia. Alirudi chumbani, akaketi, akangoja ahuzunike, huzuni isije. Alijaribu kukasirika kidogo, kwa heshima ya miaka yote ile, hasira nayo ikakataa. Mkewe amesema ni lazima. Pengine ameona hakuna kazi tena, pengine anataka meza ya kusahihishia madaftari, na angeweza kumuuliza, lakini kuuliza kungeleta jibu, na jibu huenda lingekuja na mapengo. Jioni akamsindikiza kituoni, akambebea begi, akampungia mkono. Mwalimu alisema neno dirishani. Sikio akatabasamu na kuitikia kwa kichwa, ambalo ndilo jibu alilokuwa akimpa kila mtu kwa kila jambo.

Kompyuta ndogo aliinunua siku ya tatu. Ilikuwa si kubwa kuliko kopo la majani ya chai. Muuzaji aliishika kwa vidole vitatu na kumwimbia sifa zake zote, na Sikio alipata moja tu, kwamba haina feni, ni kimya kabisa. Akailipia, akaitia mfuko wa koti, akarudi nayo nyumbani kwa miguu kama mtu aliyetoka kununua dawa.

Kilichobaki ni kuhamisha mafaili. Mashine kubwa ilikuwa na kazi za miaka ishirini na miwili, na ile ndogo haikuwa na tumbo la kumeza hata robo yake, kwa hiyo ilibidi achague. Alianza na za zamani. Alifungua mchezo wa redio, akafungua tangazo la sabuni, akafungua filamu ya yule mwongozaji aliyependa mvua katika kila kitu. Hakusikiliza. Aliangalia tu skrini, vile vitufe alivyovipanga kwa mkono wake: sauti nzito kiasi gani, za kati kiasi gani, nyembamba kiasi gani.

Kwenye kitufe cha sauti nyembamba, katika kazi za miaka ya mwanzo, palikuwa na moja au sifuri. Fundi mzuri hagusi sana hapo. Mwaka fulani akaona mbili. Uliofuata, mbili tena. Halafu tatu, tatu, nne. Halafu sita. Kazi aliyomfanyia Kasuku ilikuwa na tisa. Ya mwisho kabisa, hotuba ya mkurugenzi wa kiwanda cha rangi, ilikuwa na kumi na mbili, na hapo kitufe ndipo kilipogota. Mwaka baada ya mwaka sauti zilikuwa zikimponyoka, na mwaka baada ya mwaka yeye alizipandisha ili azisikie, akidhani anatengeneza, kumbe anawachoma watu masikio. Alikuwa akijidanganya kwamba tatizo lina mwaka mmoja. Lilikuwa na miaka saba, limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Aliona yote hayo, akaenda jikoni, akala mkate mkavu akiwa amesimama. Mtu mwingine angelia. Yeye alifikiria tu kwamba mkate umekauka, na kwamba afute makombo kabla hayajaleta sisimizi. Kisha akarudi, akanakili mafaili ya zamani kwenye diski ya pembeni, yale ya sifuri na moja na mbili, na yote ya kuanzia tatu kwenda juu akayafuta. Ilichukua siku mbili. Mashine ilitetemeka taratibu chini ya unyayo wake, ikafanya alichoambiwa.

Mnunuzi alikuwa ni huyohuyo Kasuku. Alikuja Ijumaa mchana na gari la kukodi na wachukuzi wawili, akaingia akiongea na akaendelea kuongea, na Sikio akamfuata mdomo kwa macho kadiri alivyoweza. Kasuku aliiwasha mashine, akainama nyuma yake, akakunja uso.

"Bosi, feni hii ya nyuma inapiga mluzi. Tangu lini?"

Sikio aliona neno mluzi likiiva kwenye midomo yake. Alishusha kiganja juu ya kasha, kama daktari.

"Kawaida yake," akasema. "Ukiizoea huisikii."

Kasuku alimtazama, akaitazama mashine, akamtazama tena. Wakati mmoja mtu huyu alimfukuza studio kwa sababu bangili zake zilikuwa zinagongana. Kasuku akawaambia wachukuzi wabebe polepole, wasiigonge ukutani.

Walikuwa wameshaifikisha barabarani, wanaifunga kamba ndani ya gari, Mwalimu alipotokea na begi lake. Alirudi siku moja kabla ya ratiba. Alipitisha macho kwenye gari, akamwona mke mwenza amelazwa ubavu juu ya blanketi, akalitua begi chini.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Kasuku.

"Marahaba. Mnaipeleka wapi?" Hakungoja jibu. Alimgeukia mumewe, na kwa bahati walikuwa wanatazamana, hatua moja tu kati yao, kwa hiyo Sikio alimwona kila neno. "Umeiuza?"

"Si tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini? Uliniuliza, nikakwambia si lazima. Nikakwambia, si lazima uiondoe, nafasi tunayo ya kutosha. Ulisema haya. Nikajua yamekwisha."

Si lazima. Aliiona ile "si" ikitoka, meno yamekaribiana, ulimi umejificha nyuma yake, na ilimfikia kama pumzi isiyo na kitu. Aliyempa mgongo jikoni angeweza kusema si, angeweza kusema ni, na yeye mwenyewe ndiye aliyelijaza pengo. Alikuwa amejikatia hukumu kwa herufi moja.

Kasuku alikuwa mtu muungwana. "Bosi, kama kuna mkanganyiko tunaishusha sasa hivi. Hata kamba hawajamaliza. Mimi na wewe hatugombani."

Wachukuzi wakasimama, kamba mkononi. Mwalimu alikuwa anamngoja. Ilikuwa rahisi mno: angesema nilisikia vibaya, mashine ingerudi ndani, na kesho unyayo wake ungekuwa mahali pake. Lakini Mwalimu angeuliza, ulisikiaje vibaya, na si ulikuwa pale mlangoni? Wewe? Halafu lingefuata swali la pili, na la tatu, kwani mwanamke huyu alizoea kumfuata mwanafunzi hatua kwa hatua mpaka pale hesabu ilipoharibikia.

"Nilikusikia vizuri," Sikio akasema. "Nimeamua mwenyewe tu. Miaka imekwenda. Napunguza mizigo."

Mwalimu alimkazia macho. "Na mimi unanieleza barabarani?"

"Funga kamba," Sikio aliwaambia wachukuzi.

Gari liliondoka. Aliusikia mngurumo wake hadi kwenye kona, maana huo ulikuwa mzito. Mwalimu alichukua begi lake mwenyewe na kuingia ndani. Usiku ule walikula bila maneno, na Sikio aliona aibu jinsi ukimya ule ulivyomrahisishia mambo.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuja fundi kompyuta, mtu wa makamo asiyependa maneno, akaunganisha ile ndogo kwa skrini, kwa diski ya pembeni, na kwa zile spika kubwa ambazo Sikio hakuziuza. Akajaribu hiki na kile. Saa nne akaondoka. Mahali pa mashine ya zamani sakafuni palibaki mraba safi uliozungukwa na vumbi. Sikio alivaa viatu vyake, akaketi, akapandisha sauti ya spika hadi karibu na mwisho, kama alivyozoea siku hizi, akaanza kuyapanga mafaili yake.

Alifungua moja, akalifunga. Akafungua jingine. Mkono ulisogeza kipanya huku na huko, macho yakafuata mshale, na saa zikapita. Ilikuwa kazi ya kumfaa, haina furaha wala uchungu. Kompyuta ndogo haikutetemeka, haikupata joto. Ungeweza kuishikilia mchana kutwa usijue kama iko hai. Alifikiri, kumbe ningeweza kuishi hivi. Alifikiri hivyo bila kufurahi.

Saa saba Mwalimu aliingia na kikombe cha chai. Hiyo ilikuwa dalili kwamba amesamehe kidogo, kwa sababu alipokasirika kweli Sikio alijichemshia mwenyewe. Alikuwa na kalamu nyekundu juu ya nywele na vipande viwili vya pamba masikioni.

"Masikio yanakuuma?" Sikio akamuuliza.

Mwalimu akatikisa kichwa kwamba hapana.

"Basi karibu uone," akasema Sikio, akijitahidi kuwa mchangamfu. "Yule wa zamani alikuwa akinguruma mpaka mnagombana. Huyu hata pumzi hana. Tazama."

Alisogeza kipanya kumwonyesha. Jicho la kushoto la Mwalimu likajifumba nusu, na shavu likapanda, kama mtu aliyeuma limau. Sikio akaacha. Uso ukakunjuka. Akasogeza tena, na uso ukajikunja tena, bega nalo likapanda. Akaacha, ukatulia. Alikuwa fundi kwa miaka thelathini. Hata akiwa na ganzi mikono yake ilijua kupima. Alikisogeza kidogo sana, akakisogeza sana, haraka, polepole, macho yake yakiwa juu ya uso wa mkewe, na uso ule ukafuata kipanya kila kilikokwenda.

"Kuna kitu kinalia," akasema.

Mwalimu alichomoa pamba moja. "Eh?"

"Nikisogeza hiki, kuna kitu kinalia kwenye spika."

"Kinalia. Chembamba hivi, kama msumari kwenye kioo."

"Tangu lini?"

"Tangu fundi alipoondoka."

Saa tatu nzima. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unapima. Maisha yako yote unaliza vitu humu ndani, na ukiwa unaliza hutaki kuulizwa. Nikatia pamba." Akamwangalia, kikombe bado kiko mkononi. "Unapima, sivyo?"

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa, na Mwalimu alikuwa amemwekea tayari mdomoni: ndiyo, napima. Angelisema, wangecheka, angepunguza sauti ya spika, na chai ingenyweka ikiwa moto. Lakini uongo wa namna hiyohiyo jana ulikuwa umeondoka na mashine yake, na leo alipotazama chumbani hakuona kitu kingine cha kuutolea sadaka.

"Kiige," akasema.

"Niige nini?"

"Hicho kinacholia. Nifanyie kwa mdomo."

Mwalimu alicheka. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwalimu wa hisabati, anaambiwa alie kama spika. Lakini alitua kikombe, akachomoa na pamba ya pili, akaumanisha meno, akavuta midomo huku na huku. Sikio aliona mishipa ya shingo yake ikikaza.

"Haya, anza," akamwambia.

Midomo ya Mwalimu ikalegea. "Nimeshafanya."

"Rudia. Kwa nguvu."

Akarudia. Sikio akainama mbele mpaka pumzi ya mkewe ikampiga usoni, ya joto, yenye harufu ya chai. Pumzi aliipata, sauti hakuipata.

"Mwalimu," akasema, "sisikii."

Hata neno lenyewe, lilipotoka kinywani mwake, lilimrudia likiwa irabu tupu.

Mwalimu alisimama pale. Hakushika kifua, hakupiga kelele. Sikio alimwona akirudi nyuma kwa mawazo, hatua kwa hatua, kama anavyofanya na hesabu iliyoharibika, mpaka akafika mahali.

"Ile siku jikoni," akasema. "Ulisikia nini?"

"Ni lazima."

"Nilisema si."

"Najua. Jana nilikuona ukiisema."

Alingoja alaumiwe. Angeweza kuvumilia lawama. Badala yake Mwalimu aligeuza kile kiti kimoja alichokalia Sikio, akapiga magoti mbele yake ili nyuso zilingane, akaumanisha tena meno na kuvuta tena midomo, kwa subira ileile aliyowafanyia watoto wa dawati la nyuma, akiamini kwamba kitu kikirudiwa vizuri lazima kitaingia. Akaliza. Akapumua, akaliza tena. Sikio alitega, akakodoa macho, akatamani kuipata hata kidogo kwa ajili yake tu, kwa vile alivyokuwa anajitahidi.

Halafu akaona macho ya mkewe yanajaa maji. Meno yalikuwa yameumana vilevile, midomo imevutwa vilevile, ila mabega yameanza kutikisika. Ganzi ya wiki zote zile ikamtoka kwa mara moja, na kilichokuwa chini yake kilikuwa hofu.

"Bado unaiga?" akamuuliza. "Au unalia?"

Mwalimu alimjibu. Lakini kwa mdomo uliovutwa namna ile, Sikio hakuweza kusoma neno.